Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Metali Ikae Wapi Ndani ya Chipu ya Mwanga

Ndugu wanachama,

Mwaka huu vikao vyetu vilirudi mara kwa mara kwenye swali moja: ndani ya chipu inayotumia mwanga, metali ikae wapi? Kamati yenu imefikia msimamo, nami nauleta mbele yenu.

Mwanga wa mawasiliano una urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hivi. Ndani ya silikoni wimbi hilo hufupika, lakini njia ya kulipitisha bado huhitaji upana wa takriban nanomita 450, ambao ni mkubwa mno ukilinganishwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme za chipu. Plazmoni huvuka kikwazo hicho. Katika hali inayofaa, mwanga hushikamana na elektroni huru za dhahabu au fedha, vikasafiri pamoja juu ya uso wa metali kama wimbi moja; wimbi hilo ndilo plazmoni. Mwanafizikia Rufus Ritchie alilitabiri jambo hili mwaka 1957. Wimbi la namna hiyo hubanika katika ufa kati ya kuta mbili za metali, wenye upana usiofika nanomita 100.

Tatizo ni joto. Elektroni hugongana, na katika mikromita 10 tu za ufa huo zaidi ya nusu ya mwanga huweza kupotea. Kwa hiyo wenzetu wanaotaka plazmoni zibebe data kutoka pembe hadi pembe ya chipu, nawaomba kwa heshima tuliache wazo hilo. Kusafirisha ni kazi ya silikoni.

Metali ifanye kazi ya kudhibiti, yaani moduleta, kifaa kinachoandika data za umeme juu ya mwanga. Ufa hujazwa polima, mada ya jamii ya plastiki, ambayo volteji hubadilisha kasi ya mwanga ndani yake, na kwa kuwa umeme na mwanga vimebanwa mahali pamoja, athari huwa kubwa. Moduleta za kawaida za silikoni hupimwa kwa milimita. Ya plazmoni hutosheka na mikromita 10 hadi 20, na maabara zimeshaziendesha kwa zaidi ya gigahezi 100. Kwa umbali mfupi hivyo, hasara inavumilika.

Dhahabu, hata hivyo, haikubaliki katika viwanda vya transista, maana atomi zake hupenya ndani ya silikoni na kuiharibu. Shaba imo humo tayari, kwenye nyaya za chipu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kama huu wa mawasiliano, inaikaribia dhahabu kwa ubora. Kikundi cha vifaa kitaanza nayo mwakani, sambamba na ustahimilivu wa polima kwenye joto, jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Hesabu za fedha atazieleza mhazini. Wanaotaka kujiunga na kikundi cha shaba wampe katibu majina yao kabla mkutano haujafungwa.