Wapima meno waje Juni, sio Oktoba

Mhariri naomba kanafasi. Kila nikisikia takwimu za meno za taifa nakumbuka siku wapima meno wanaozikusanya walipokuja shuleni kwetu huku Tandahimba, kipindi hicho bado nafundisha. Walikuwa wawili, mmoja anakagua mwingine karani. Mtoto anakaa karibu na dirisha, anaachama, mkaguzi ana kioo kidogo na kile chuma chembamba chenye kitone mbele, anataja namba tu, sifuri, sifuri, moja, sifuri, karani anajaza. Nikawapangia darasa la sita zima, wakasema hapana, tunataka wa miaka 12 tu, kumbe umri huo meno ya ukubwani karibu yote yameshaota kasoro magego ya mwisho, halafu mtoto bado hajamaliza shule ya msingi so anapatikana kirahisi, na nchi nyingine nazo zinapima umri huohuo ndo maana tunaweza kujilinganisha.

Kikazuka kioja. Watoto wachache wakaitwa tena kukaguliwa mara ya pili, mmoja akaanza kulia akijua kakutwa na ugonjwa mbaya, jioni mama yake huyo mlangoni kwangu. Kumbe mkaguzi anajipima mwenyewe, alichoona asubuhi ndicho anachoona mchana? Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 5 mpaka 10 warudiwe. Sawa, ila si wangetuambia mapema jamani.

Hoja yangu lakini ni watu wazima. Rika linalotakiwa ni 35 hadi 44, na wazee 65 hadi 74, kila kituo cha kupimia watu 25 mpaka 50 kwa kila rika. Wenzetu wakaja Oktoba! Oktoba huku nani yupo nyumbani, watu wamehamia mashambani wanaokota korosho, waliopatikana ni wenye maduka, fundi cherehani na sisi walimu wenye mishahara na miswaki ya dukani. Fomu zikajaa, wakapanda gari wakaondoka. Na kwenye ule mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuchagua vituo 12 vya kuwakilisha nchi, vinne ni vya jiji kuu, viwili viwili kwa miji miwili mikubwa, vijiji vinabaki vinne tu nchi nzima, ukikosea kimoja umeshaharibu robo ya vijiji.

Kingine, wanahesabu yaliyooza, yaliyotoka na yaliyozibwa, wanajumlisha pamoja. Mimi nina mapengo matatu, lililozibwa hata moja sina, maana huku jino likiuma unavumilia wee mpaka unaenda kung'oa basi. Ukipita miaka 30 pengo linahesabiwa bila kujali sababu, aliyeanguka kwenye mkorosho akang'oka jino anawekwa kapu moja na aliyeoza jino kwa soda. Kwa hiyo ile jumla peke yake hainiambii kitu, watuchapishie kila hesabu kivyake, ya kuziba ikisoma sifuri ndo wakubwa wataona huku hakuna wa kuziba.

Waje Juni au Julai, mvua zimekata, barabara inapitika. Najua ndo tunapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, lakini hiyo ni kazi ya alfajiri, saa sita watu wapo barazani. Na wapite kwa mwenyekiti wa kijiji siku mbili kabla, atawaambia nani yuko shamba gani.

Mwalimu mstaafu,
Tandahimba, Mtwara