Hiyo 27 ni Heisei: barua kwa mwanangu aliye Mbeya

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Dar hatujambo, na goti la baba yako limepoa. Picha za hilo gari lako, Subaru Legacy, nimezipata. Nilizikodolea macho pale kaunta mpaka mteja akaniuliza kama nimepata mjukuu.

Iliyonishika ni ile ya ndani ya boneti. Kile kibandiko cha Kijapani ulichosema "kina namba 27, labda ya gereji" ni cha mkanda wa taimingi, ule unaozipishanisha valvu na pistoni. Hiyo 27 ni Heisei 27, kalenda ya mfalme wao, yaani 2015. Mkanda ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 71,204. Dashibodi yako inasoma 128,000. Kwa kilomita bado una nafasi, maana mkanda huo hupewa 100,000, lakini raba ya 2015 imeshazeeka. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo utakuwa unatafuta vichwa vya silinda, si mkanda.

Sasa orodha yako: eksosi kubwa, valvu ya kupuliza, na kompyuta ya injini "ifunguliwe" itoe nguvu zaidi. Nimeuza spea Gerezani miaka 19. Wengi wanaokuja kwangu wakitafuta tabo ya mtumba, ile feni inayoisukumia injini hewa, walianza na orodha hiyohiyo.

Kabla ya yote, mwambie fundi akuonyeshe lile bomba jembamba linaloipelekea tabo oili. Linapoanzia, nyuma ya kichwa cha silinda cha kulia, kuna bolti yenye tundu, na ndani ya tundu kuna wavu mdogo kuliko ncha ya kidole chako cha mwisho. Oili ikicheleweshwa kumwagwa inaganda kama masizi ya sufuria, wavu unaziba. Taa ya oili haitawaka, kwa kuwa injini inaendelea kupata ya kwake. Inayokauka ni tabo peke yake, na shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kuna jamaa aliniletea tabo iliyokatika shafti, anataka nyingine. Nikamwambia kalete kwanza ile bolti. Nikaichokonoa kwa pini ya nywele, ukatoka uji mweusi mzito. Yeye alikuwa tayari kuifunga tabo ya pili kwenye bolti ileile!

Oili mwaga kila kilomita 5,000, hata kama mwenye gereji anakwambia bado nyeupe. Chomoa stiki kila ukijaza petroli. Na galoni likiisha, litoboe kabla ya kulitupa. Usiniulize kwa nini, mimi niko sokoni naona magaloni matupu yanavyorudi yakiwa na oili feki.

Hiyo valvu ya kutupa hewa nje iache kwa wapenda sauti. Kihisi cha hewa kwenye gari hilo kiko mwanzoni kabisa, karibu na kichujio. Kompyuta imeshaihesabu hewa na kuipangia petroli yake. Wewe ukiipuliza nje, petroli inabaki haina mwenzake, gari linatema moshi mweusi. Ukitaka nguvu, anza na zilizopotea. Mipira inayopeleka hewa kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo, imekakamaa kwa uzee na inavuja, kwa hiyo fundi aijaze upepo gari likiwa limezimwa, apake maji ya sabuni aone povu linatokea wapi.

Kompyuta tutaongea baadaye. Wajapani waliipanga kwa petroli yao ya oktani 100, ambayo pampu zetu hazina. Faili la kushusha mtandaoni, lililopangwa kwa petroli ya watu wengine, sitaki kulisikia. Injini itaanza kugonga, nawe na redio yako hutasikia kitu.

Fundi akikwambia thamostati, ile inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, itolewe "ili injini ipoe", lipia ulichotengenezewa uondoke. Nimewauzia thamostati watu waliolalamika mwaka mzima kwamba gari linakunywa petroli, kumbe injini haijapata kupata moto sawasawa tangu ilipotolewa.

Ukija Krismasi, mlima Kitonga unaushuka, sina wasiwasi sana. Wasiwasi wangu ni kurudi, ukiupanda. Usiikandamize mafuta ikiwa kwenye gia kubwa kwenye kona zile, iache ishuke gia yenyewe. Ukifika Ilula kuninunulia nyanya (najua utasema unarudi Mbeya, basi nunua zako), usizime injini papo hapo. Ingurume dakika moja au mbili, tabo ipoe na oili ikipita.

Eksosi ile fedha yake iweke. Kifurushi nimekipakia kwenye basi la usiku: mkanda, pampu ya maji, tensheni, roli zake na bolti mpya. Risiti ya mzigo nimekutumia. Fundi akianza kufungua nipigie kwa video, nataka kuiona bolti ya zamani kabla hajaitupa.

Mama yako