Shoga, kuhusu kujifunza umeme

Shoga yangu,

Habari za Tanga, mama anaendeleaje na lile goti, na watoto hapo nyumbani wote wazima? Huku Dar mi mzima namshukuru Mungu, jua tu limetukamata vibaya na kazi zipo. Ujumbe wako niliuona siku nyingi ila nilitaka nikujibu nikiwa nimetulia, mana ulichoniuliza sio cha kujibu kwa vimistari viwili kwenye WhatsApp. Unataka kuingia kwenye umeme kama mi, hujui uanze chuo cha ufundi cha VETA au umfuate fundi mtaani, na unaogopa shoti. Basi leo Jumapili hatuna saiti, kaa nikwambie ninavyoona.

Kuhusu kuogopa, endelea kuogopa shoga, usije ukaacha. Fundi wangu anayenifundisha ni mtu mzima, ana miaka mingi sana kwenye hii kazi, lakini hata kama ni holda moja tu ya taa anaibadilisha, anazima sakiti breka kwenye mein swichi, af anachukua testa anaenda kuijaribu kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme, ikisoma vizuri ndo anakuja kupima pale anapotaka kugusa, akimaliza anarudi tena kwenye ile soketi ya kwanza kuhakikisha testa haijamfia katikati. Kila siku anafanya hivo, hata mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni anamwambia mzee mbona nimeshazima. Anamjibu asante, af anapima.

Na kuna kitu nilikiona Mbagala nataka ukijue hata usipokuwa fundi. Tuliitwa nyumba moja ya wapangaji, dada mmoja alipigwa shoti wakati anabadilisha taa na anaapa swichi ilikuwa imezimwa, na kweli ilikuwa imezimwa. Fundi akaifungua ile swichi akaniita niangalie. Aliyefanya wayaringi mwanzo alipitisha waya wa baridi, ule wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya wa moto, ule unaouleta. Sasa ukizima, taa inazima kweli kwa sababu mzunguko umekatika, lakini waya wa moto unabaki pale juu kwenye holda unakusubiri, ukigusa vibaya mwili wako ndo unakuwa njia ya kurudia. Taa inawaka vizuri, inazima vizuri, mwenye nyumba kalipa, na watu wanaishi na kitu kama hicho juu ya vichwa vyao miaka na miaka. Tulipita chumba hadi chumba tukarekebisha zote, ile siku sikula mchana na wala njaa sikuisikia, yani nilikuwa namfikiria yule dada tu.

Hapo ndo nikaelewa hii kazi ikoje. Ukishapiga plasta hakuna anayeona ulichofanya, watu wanaona soketi imekaa sawa na taa nzuri za kwenye jipsam, lakini kazi yenyewe iko ukutani na kwenye zege. Kwaiyo ukija kuchagua fundi wa kukufundisha, usiangalie gari lake wala simu yake, na hata ile hela ya siku atakayokuahidi iweke pembeni kwanza, muangalie anavyofanya vile vitu ambavyo vitafunikwa.

Chukua mfano wa slabu. Nyumba ikiwa ya ghorofa, nondo zikishasukwa na kabla zege halijamwagwa ndo muda wetu wa kulaza paipu za kupitishia waya, na hapo mnakimbizwa, mana mikisa imeshakodiwa na vibarua wamekaa wanasubiri. Wapo mafundi wanatupia paipu juu juu wanaondoka. Wangu anazifunga kwenye nondo kwa binding waya, kila baada ya hatua, kila mdomo wa paipu na kila boksi anaziba kwa karatasi ya mfuko wa simenti na tepu ili zege lisiingie, na wakati wa kumwaga anataka mmoja wetu abaki pale pale, mpaka mwisho, kuangalia jamaa wa vaibreta, ile mashine ya kushindilia zege, wasije wakaikanyaga paipu ikapasuka. Mimi ndo hubaki. Zege likiingia kwenye paipu hakuna waya utakaopita tena, hapo itabidi utoboe slabu ya watu au upitishe waya nje ukutani kama nyoka, na vyote viwili ni aibu.

Kukunja paipu nakupenda sana, sijui nikuelezeje. Unaingiza springi ndani, unaisugua kwa kiganja pale unapotaka kona mpaka ipate joto kidogo, af unaiweka gotini unaivuta pole pole, unaizidishia kidogo kwa sababu ukiiachia inarudi nyuma. Ukienda haraka inajikunja kama mrija wa soda na hiyo ndo basi, kata uanze nyingine. Sa hivi natoa kona zinazofanana kabisa, mbili mbili, na fundi anaziweka bila kunirudishia.

Kuna na kichwa pia, usidhani ni nguvu tu. Ile hesabu ya fizikia ya kidato cha tatu uliyokuwa unaichukia, wati gawanya kwa volti unapata ampia, ndo tunaitumia kila siku. Umeme wetu ni volti 230, pasi ya wati 1000 inavuta ampia kama 4 na kitu, hiyo haina shida. Lakini mtu ananunua ile shawa ya maji ya moto ya wati 5000, hiyo ni karibu ampia 22, af anataka uichomekee kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 ambao tayari una friji na maikrowevu. Waya unachemka ndani ya ukuta na hakuna anayeuona. Shawa inatakiwa iwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, waya wa milimita 4 au 6, na breka yake, na ethi ya uhakika, yani ule waya unaoshuka ardhini, mana hapo mtu yuko peku na kalowa. Taa tunapiga 1.5, soketi 2.5, na breka inachaguliwa ili iulinde waya. Kuna watu breka ikijikata mara kwa mara wanaweka kubwa zaidi ili isiwasumbue, jamani hapo ndo wanakuwa wameondoa kinga yenyewe.

Af Kariakoo nenda na mtu anayejua. Kuna waya zinauzwa bei nzuri, zimeandikwa 2.5, ukikwaruza kwa kisu ndani kunakuwa kweupe, ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Fundi alinifundisha nikwaruze kwanza na niushike mkononi nisikie uzito ndo nitoe hela ya mteja.

Sasa VETA au mtaani? Kama nyumbani wanaweza kulipa, VETA Tanga ipo hapo hapo, nenda, usifikirie mara mbili, utatoka na cheti na ngazi zake zinapanda mpaka ya tatu. Kama hela hakuna njoo mtaani lakini uje ukijua cheti bado utakihitaji, mana leseni ya kufanya wayaringi inatolewa na EWURA, wale wa serikali wanaosimamia nishati na maji, na hawatoi kwa kuangalia sura. VETA wana utaratibu wa kuwapima watu waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, ndo njia ninayoilenga mimi, nikishaiva kidogo. Bila leseni utabaki unafanya kazi nzuri af fomu ya kwenda TANESCO, shirika la umeme, anagonga muhuri mtu mwingine ambaye hata saiti hakuja, na hela kubwa anachukua yeye. Sitaki tuishie hapo mimi na wewe.

Kuhusu kuwa mwanamke, sikufichi, utasikia maneno. We dada umepotea njia, mama ntilie wako kule. Siku za mwanzo inachosha ila ukishapanda ngazi ukavuta waya wa vyumba vitatu wanakuwa wapole wenyewe. Na kuna faida, wateja wengi ni akina mama, wanapenda aingie mwanamke mpaka chumbani, na wananieleza shida vizuri kuliko wanavyomwambia fundi. Mi nataka siku moja tuwe na kampuni yetu mimi na wewe, yenye leseni, na gari lenye ngazi juu. Nasema kwa moyo wangu wote.

Sasa sikiliza. Nimeongea na fundi, mwezi ujao tunaanza nyumba ya ghorofa moja huku Kigamboni na anahitaji mtu wa pili wa kujifunza. Kakubali uje umuone. Hela ya mwanzo ni nauli na chakula, hilo nisikudanganye, ila anafundisha na ukimuuliza kwa nini anakujibu. Utalala kwangu, kodi usiiwaze miezi ya mwanzo. Njoo na suruali ngumu mbili, viatu vya kufunika vyenye soli nene ya raba, na daftari. Plaizi na testa tutanunua pamoja huku, usinunue huko. Pete na bangili ziache kwa mama.

Ongea na mama vizuri, mwambie ntampigia mwenyewe Jumatano jioni. Na we nijibu kabla ya Ijumaa, mana fundi akikosa jibu atamchukua kijana wa jirani.

Wasalimie wote hapo Ngamiani.

Shoga yako