Msiwaite wavivu watu wa maeneo makavu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 22 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu maeneo "yaliyolala" kiviwanda imenikera mno. Eti yako nyuma kwa sababu wakazi wake hawajitumi. Mwandishi hakutaja mvua, mto, mwinuko wala umbali wa kufika bandarini.

Nilifanya kazi miaka 19 katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Kiangazi kimoja upepo mkavu ulivuma wiki tatu mfululizo, nyuzi zikaanza kukatika. Unaunga huu, wa pili umeshakatika. Vumbi la pamba limetanda usoni, vidole vimechubuka, na ukigusa chuma cha mashine unapigwa shoti. Msimamizi akatuandika watu watano kwenye daftari lake: uzembe. Tukakatwa mshahara. Mvua iliponyesha, kwa mikono ileile na mashine zilezile, nyuzi zikatulia. Uzi wa pamba ukikauka hukatika ovyo, basi! Hela zetu hazikurudi mpaka leo. Lancashire kule Uingereza haikutawala biashara ya pamba kwa sababu watu wake waliipenda kazi kuliko wengine. Pepo za Atlantiki hugonga milima ya Pennines na kumwaga mvua upande huo, hewa ikabaki na unyevu. Maji ya vijito hayana chokaa nyingi, yakafaa kuoshea na kutia rangi vitambaa. Makaa ya mawe yalikuwa chini ya miguu yao. Na pamba ya Marekani ilishushwa jirani tu, Liverpool. Ng'ambo ya milima hiyohiyo, Yorkshire, kulikotamba zaidi ni sufu.

Sisemi ardhi inamfunga mtu. Wakulima wa milima ya Jura, Uswisi, walipozingirwa na theluji walikaa nyumbani wakitengeneza vipuri vya saa, kitu kidogo cha thamani kubwa kinachovuka mlima mfukoni. Manchester iko mbali na bahari, wakachimba mfereji wa meli wa kilomita 58 hivi hadi kwenye mlango wa mto Mersey, ukafunguliwa 1894. Lakini wote hao walianza kwa kupajua mahali walipo.

Halafu ramani zenu! Kila mkoa rangi moja, hakuna kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, hakuna mito, hata skeli hamna. Mjukuu wangu aliweka kidole juu ya barabara akaniuliza kwa nini imepindapinda hivi wakati hapo pote ni tambarare. Babu, mbona hapana kitu? Mlima upo, mwanangu, gazeti ndilo lililoufuta.

Naomba hivi: taarifa yoyote itakayopima bidii ya watu wa eneo fulani itengewe robo ukurasa wa ramani yenye kontua, mvua ya kila mwezi, na kilomita za kufika kwenye reli na bandari iliyo karibu. Na huyo mwandishi wenu mumpeleke akakae siku tatu za kiangazi mbele ya mashine ya kusokota, aunge nyuzi zinazokatika, ndipo aandike tena.

Msokota nyuzi mstaafu