Wanamuziki wa asili wanaojitegemea nao waandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi moja kuhusu ukurasa wa muziki, ambao mimi huufungua hata kabla ya habari za siasa. Ukurasa huo umezoea kupima nyimbo kwa idadi ya watazamaji mtandaoni, na kwa kipimo hicho mwanamuziki wa asili anayejirekodia mwenyewe, mwenye gitaa au banjo na sauti isiyopambwa, hataandikwa kamwe.

Mfano ni Elizabeth Cotten, mwanamuziki wa asili mzaliwa wa North Carolina nchini Marekani. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akajifunza mwenyewe kupiga gitaa akiwa amelipindua, vidole vikishika besi na gumba likipiga sauti za juu. Aliliweka kando miaka mingi, akafanya kazi za ndani katika nyumba za watu, na albamu yake ya kwanza, iliyorekodiwa nyumbani kwake, ilitoka mwaka 1958 akiwa ameshapita umri wa miaka 60. Aliyeitoa ni Folkways, lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ndogo iliyoanzishwa na Moses Asch mwaka 1948, ambayo haikuwa na desturi ya kuiondoa rekodi sokoni kwa sababu tu hainunuliwi; hata Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilipoichukua lebo hiyo mwaka 1987, ilikubali sharti kwamba albamu zote za Folkways, zaidi ya 2,000, ziendelee kupatikana. Sijui kama mwandishi anayehesabu watazamaji angempa mama huyo hata mistari miwili.

Asiye na bosi wa kumwambia aongeze ngoma au afupishe beti anaweza kuimba kufiwa kwa dakika saba bila kiitikio, akasimulia mapenzi yaliyokufa polepole pasipo kumtafuta wa kulaumiwa, na katikati ya wimbo akakiri kwamba hakujijua alipokuwa akiapa. Nakubali kwamba nyingi za nyimbo hizi zinachosha, na si kila mwenye huzuni na gitaa ni msanii. Ndiyo maana tunahitaji mwandishi mwenye sikio la kutuchambulia, kazi ambayo hesabu ya watazamaji haiwezi kuifanya.

Kuandikwa kwao kuna uzito pia kwenye mfuko. Tangu mwaka 2024, Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, haiulipi mrabaha wa rekodi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12, na kwa msanii asiye na lebo ya kumtangaza, makala moja gazetini inaweza kumvusha kizingiti hicho.

Ninachoomba ni msanii mmoja kila wiki, mashairi yake yasomwe kwa makini na wasomaji waelezwe wapi pa kuununua muziki wake moja kwa moja. Sidai picha kubwa ya juu. Ile kona ya chini inayochapishwa orodha ya nyimbo kumi zinazotamba ingetosha.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa muziki