YAH: MASHINE YA KUFULIA ISIYOANZA, NA NILIVYOJIBIWA KAUNTA TAWI LA MOSHI

Rau, Moshi
12 Agosti 2025

Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Arusha.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya waranti yenu mnayajua, mliyaandika wenyewe, sitayarudia hapa. Kivuli cha risiti ya mashine ya kodi (EFD) ya tarehe 3 Februari nimekiambatisha, pamoja na namba ya mashine. Mashine niliinunua kwenu kwa Sh 1,150,000, taslimu, sikubakiza hata mia.

Naanza na Jumamosi ya tarehe 2 Agosti, maana hayo mengine ningeweza kuyameza. Nilifika tawini kwenu saa nne asubuhi, nikasubiri zamu yangu kama wengine. Nikamweleza kijana wa kaunta, kwa sauti ya kawaida, kwamba mashine haianzi na kwamba kwa ninavyoona tatizo ni loki ya mlango. Kijana akacheka. Akaniambia, "Babu, mwambie bibi aje mwenyewe. Kufua ni kazi yao, wewe utaelewa wapi?" Kisha akamwita mwenzake wa upande wa friji aje asikie babu anavyofundisha mambo ya loki. Dukani kulikuwa na wateja sita au saba.

Ndugu Meneja, huyo bibi anayetakiwa aje mwenyewe yuko kitandani tangu Oktoba mwaka jana. Kiharusi. Mashine ilinunuliwa kwa sababu hiyo, watoto walichangishana. Shuka tatu kwa siku, nne usiku ukiwa mbaya, na Julai hii ya Moshi mnaijua, wingu kutwa, nguo iliyokamuliwa kwa mkono inakaa kambani siku mbili na bado ina unyevu. Mashine ikikamua, shuka inatoka karibu imekauka. Tulikuwa tumepumua.

Sasa hilo la loki. Mimi nimekuwa fundi umeme wa magari miaka 31, siyo mtu wa kubahatisha. Tarehe 17 Julai jioni nilipakia shuka, nikabonyeza, taa zikawaka zote, ikalia pii mara moja, kimya. Nikatoa plagi, nikachomeka pasi kwenye soketi ileile, ikapata moto. Fyuzi ya plagi ni nzima. Nikaleta mita yangu, soketi ikasoma volti 226, na stika ya mashine yenu inasema 220 mpaka 240. Ekstensheni hakuna, imechomekwa ukutani moja kwa moja. Bomba liko wazi, kile kichujio kidogo cha nyuma pale mpira wa maji unapoingia nimekichomoa na kukisafisha kwa mswaki. Alama ya kuwazuia watoto haijawaka. Nikaiacha bila umeme dakika kumi, nikarudi. Vilevile.

Ila jambo moja nililigundua, na hilo ndilo nililokuwa najaribu kumwambia kijana wenu. Mashine isiyo na hitilafu, ukibonyeza ya kuanzia, sekunde mbili tatu baadaye mlangoni unasikia "tak". Hiyo ndiyo loki. Ndani yake kuna kidude kinachopata joto, kinakunja kipande cha bati, mlango unafungwa, na hapo ndipo umeme unaruhusiwa kwenda mbele kwenye mota. Isiposema tak, mashine inaona mlango uko wazi, na itakuwashia taa mpaka kesho bila kuanza. Asubuhi ya tarehe 18 niliubana mlango kwa goti huku nabonyeza. Tak. Ikafua mpaka mwisho! Mchana nikarudia, goti na kila kitu, haikukubali, na haijakubali tena mpaka leo ninapoandika. Mtu aliyewahi kushika bisibisi hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Ningeibadilisha mwenyewe. Ni kuuvuta mpira wa mlango pembeni na kufungua skrubu mbili au tatu. Lakini karatasi yenu inasema ikifunguliwa na mtu asiye fundi wenu waranti imekufa. Nikaitii karatasi yenu. Nikapiga simu siku hiyohiyo.

Fundi alikuja tarehe 29. Siku kumi na moja! Na katika hizo siku kumi na moja nilipiga simu, sikutia chumvi, mara tisa, na mara mbili niliambiwa "yuko njiani." Alikuja bila mfuko wa vifaa. Sijui alikuja kufanya nini bila bisibisi. Akabonyeza kitufe mara tatu, akapiga picha kwa simu, akasema umeme wa huku Rau ni mdogo, ninunue stebilaiza, na kwamba zinapatikana dukani kwenu. Nikamwonyesha mita ikiwa bado imechomekwa, 224 saa hiyo. Akaniambia mita za mtaani zinadanganya. Nikamwomba aweke sikio mlangoni asikilize kama inasema tak. Akasema yeye ana wateja wengine. Aliomba Sh 15,000 ya nauli na nikampa, hilo nalo nalijutia.

Ndiyo maana nilikuja tarehe 2 mwenyewe. Na narudia yaliyotokea, kwa sababu naona kwa simu mlinielewa kana kwamba nimekwazwa na utani. Haukuwa utani. Nilisimama pale kaunta, risiti mkononi, mtu wa miaka 68. Nikasema, "Mwanangu, naomba mnibadilishie loki ya mlango tu, waranti ipo mpaka Februari." Hakuitazama risiti. Aliangalia wateja waliokuwa nyuma yangu kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya kuwafikia: babu, mwambie bibi aje mwenyewe, kufua ni kazi yao. Kijana mwingine akaja, akaegemea friji, akaniuliza, "Haya babu, loki inasemaje?" Tak, nikamjibu, nikidhani anauliza kweli. Wakacheka wote wawili. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akainamisha uso. Huyo mama ndiye ninayemkumbuka kuliko wote, maana aliona aibu kwa niaba yenu. Nikaikunja risiti, nikatoka. Sikuwaambia bibi yuko wapi. Sikuona kama ni watu wa kuambiwa.

Nilipofika nyumbani aliniuliza kwa ule ulimi wake wa sasa, mzito, kama wamekubali. Nikamwambia wamekubali. Mmenifanya nimdanganye mgonjwa.

Tarehe 6 nikapiga makao makuu, dada mmoja akapokea kwa adabu, namshukuru, akasema nisubiri Nane Nane ipite kwa sababu wahusika wote wako bandani viwanja vya Themi, Njiro. Kwa hiyo mlikuwa Njiro mnauzia watu mashine hizihizi wakati yangu imegeuka meza ya kuwekea beseni. Nane Nane imepita, leo ni siku ya nne. Simu haijalia.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa naomba loki tu. Kadiri ninavyoandika naona nilikuwa najipunja. Siku hizi binti wa jirani anakuja kufua kwa mkono kila siku isipokuwa Jumapili, Sh 5,000, kuanzia tarehe 18 Julai mpaka jana ni siku 21. Hiyo ni 105,000. Pamoja na nauli ya fundi wenu asiye na bisibisi ni 120,000. Fedha hiyo irudi. Na loki sitaki tena, nataka mashine nyingine mpya, iliyojaribiwa ikiwa na nguo mbele yangu kabla haijashushwa kwenye kirikuu, kwa gharama yenu. Mkishindwa, nirudishieni Sh 1,150,000 yangu yote na mje mchukue chuma chenu.

Na kijana wa kaunta aje Rau aombe radhi. Siyo kwangu. Aje amwombe bibi aliyekuwa anamtaka.

Nawapa siku saba tangu mtakapoipokea barua hii, na nitaipeleka kwa mkono ili mnigongee muhuri. Baada ya hapo nakala inakwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mnunuzi kama mimi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi kilichonunuliwa, na mashine ya kufulia isiyofua sijui mtaiitaje mbele ya hakimu. Nina muda, nimestaafu. Nitakuja kila kesi ikitajwa. Mita yangu nitakuja nayo.

Mwisho, siku ile nilipotoka kwa haraka nilisahau kofia yangu ya bargashia kaunta, upande wa kushoto karibu na kalenda. Nyeupe, imetariziwa uzi wa kahawia. Nayo naidai.

Wenu katika kudai haki,

Mteja wenu, Rau.

Nakala: Meneja, Tawi la Moshi (ili awasomee vijana wake).