Mafundi wa amplifaya tuache kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, na wakuu wa vyuo vya ufundi hapa Pwani.

Mimi natengeneza redio na amplifaya Langoni, Lamu, mwaka wa 22 sasa. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Maulidi, ustadh mmoja aliniletea amplifaya ya madrasa yake. "Fundi," akaniambia, "sauti ikiwa ndogo inakwaruza, kama mtu ana mchanga mdomoni. Ukiipandisha inatakata." Nikabadilisha transista mbili za kutolea sauti. Ikakwaruza. Nikabadilisha kapasita kubwa za pawa. Ikakwaruza vilevile. Nikasingizia spika, wakanunua spika. Pesa za wazazi wa watoto wale zikaenda na ugonjwa ukabaki palepale. Ujira wangu nilimrudishia ustadh, lakini pesa za vipuri zilishakwenda dukani, na jambo hilo lilininyima usingizi.

Mita yangu haikuwa na la kuniambia. Mita husema volti ni ngapi. Umbo la wimbi la sauti haikuonyeshi. Kinacholionyesha ni oskiloskopu, na ya dukani sikuwa na uwezo nayo.

Mpwa wangu akaja likizo na laptopu kuukuu, nusu ya vibonye vimekufa lakini betri ingali hai. "Mjomba," akasema, "jeki ya maikrofoni ndiyo jicho lako." Tukakaa barazani tukalehemu. Waya wa kupimia unapita kwenye rezista (kipuri cha kupunguza mkondo) ya kiloomu 100, kisha rezista ya kiloomu 1 inashuka ardhini, yaani kwenye waya wa pamoja wa volti sifuri. Hapo zinapokutana, volti 30 huwa kama 0.3 tu. Sambamba na ile ndogo tukaweka dayodi mbili za 1N4148, ambazo hupitisha mkondo upande mmoja tu, moja imeelekea juu na nyingine chini, ili volti ikizidi 0.6 hivi ikimbilie ardhini badala ya kuua kompyuta. Kabla ya jeki, kapasita ya mikrofaradi 1, kwa sababu jeki yenyewe hutoa volti ndogo ya kulishia maikrofoni, nayo isipozuiwa huvuruga kipimo. Vyote tukavitia ndani ya mkebe wa bati wa majani ya chai, bati likaungwa ardhini kuzuia mngurumo wa umeme wa nyumba. Programu ya kuchora wimbi ilikuwa ya bure. Vipuri havikufika shilingi 300.

Nikamwomba ustadh anirudishie ile amplifaya. Nikaipa mlio wa hezi 1,000, yaani mawimbi 1,000 kwa sekunde, kutoka kwenye simu, sauti chini. Wimbi lilipanda vizuri, likashuka vizuri, lakini kila lilipovuka mstari wa katikati lilisita, likafanya kidato, ndipo likaendelea. Nikaelewa. Transista mbili hupokezana, moja nusu ya juu, moja nusu ya chini, na kila moja huachiwa mkondo mdogo ili isilale kabisa. Mkondo huo ukipungua, zote mbili husinzia pale katikati. Sauti ikiwa kubwa, kidato humezwa na wimbi. Ikiwa ndogo, ndicho unachokisikia. Nikafuata njia hadi kwenye rezista ndogo ya kuzungusha inayorekebisha mkondo ule: imeota kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Nikatia mpya, nikaizungusha taratibu huku mita ikinilindia mkondo usizidi, mpaka kidato kikajifunga na mstari ukapita laini.

Transista nilizozitoa zilikuwa nzima. Ninazo hadi leo.

Kifaa hiki kina mipaka. Kadi ya sauti ya laptopu huchukua vipimo 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 1,000 hupata nukta 48 na umbo lake huonekana wazi. La hezi 15,000 hupata tatu tu. Volti tuli, zisizopanda wala kushuka, hakizioni, hizo ni kazi ya mita. Na tafadhali, kisiguse umeme wa volti 240 hata kidogo, na laptopu iende kwa betri yake. Zile amplifaya za gari tunazofunga kwenye mashua, nyingi nyaya zake zote mbili za spika zina volti. Ukiugusisha waya wa ardhi hapo na laptopu inachaji kutoka betri ya mashua, umeunguza kazi ya watu.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wameliona wimbi kwenye picha ya kitabu tu. Naviomba vyuo: kila mwanafunzi wa elektroniki atengeneze mkebe wake muhula wa kwanza, aondoke nao. Laptopu mbovu zilizotupwa stoo zinatosha kuanzia.

Mchoro nimeubandika mlangoni pa duka langu. Anayetaka kuunakili aje baada ya sala ya alasiri, na kalamu yake.

Fundi wa redio,
Langoni, Lamu